Darasani naambiwa sionekani, nyumbani naambiwa najiona

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naomba usinitaje jina, ukoo wetu wengi wanakusoma hasa mama zangu wadogo, ukinitaja tu nimekwisha. Nina miaka 20, kwetu Muheza, mwezi wa nane mwaka huu nimekuja Marekani kusoma, chuo kidogo kipo Ohio katikati ya mashamba, yani ukitoka getini ni mahindi mpaka macho yanachoka. Ni vile vyuo vya sanaa huru, na hapo ndo matatizo yalipoanzia, maana mjomba alipouliza "mtoto anasomea nini" mama akajibu sanaa, mjomba akasema sanaa? Tumechanga mamilioni akajifunze ngonjera? Nimejaribu kueleza kwamba huku mwaka wa kwanza huchagui fani, unasoma hesabu, baiolojia, historia, falsafa, kidogo kidogo, mpaka mwaka wa pili ndo unasema nabobea hapa. Ila kwenye voisi noti ya dakika mbili haielezeki. Na kwetu neno sanaa si unajua linakaa jirani na usanii.

Sasa kuna semina moja lazima kila wa mwaka wa kwanza asome, inahusu mtu na jamii. Tupo 15 tunazunguka meza, profesa hafundishi, anauliza tu halafu ananyamaza, ukimya unakuwa mrefu mpaka mtu anaropoka. Tumesoma Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ile ya Crito kumfuata rafiki yake Socrates gerezani amtoroshe, tumesoma Thoreau, mwandishi wa Marekani aliyegoma kulipa kodi, tumesoma na Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, hapo nikafurahi nikasema leo na mimi nitaongea. Esei ya kwanza tuliulizwa, kuna wakati mtu anaruhusiwa kuikatalia jamii yake? Nikaandika kurasa tano nikaeleza kwetu tunavyoishi, tunavyozikana, tunavyochangiana, wazee wanasemaje. Nikapata B mainasi! Mimi ambaye tangu fomu wani sijawahi kutoka kumi bora. Pembeni profesa kaandika, "kote humu ni sisi, kwetu, wazee. Wewe uko wapi?" Nikamfuata ofisini akasema kwa upole kabisa nataka kusikia sauti yako. Nikatoka najiuliza sauti gani, si ndo hiyo nimeongea.

Wiki hiyohiyo ndo balaa la grupu. Binti wa mjomba ana sendofu Desemba, kamati imeundwa, mjomba ni mwenyekiti, wakaposti orodha ya ahadi. Kila mtu jina lake na kiasi chake, elfu hamsini, laki, wengine thelathini. Nikashuka nikashuka nikafika chini kabisa imeandikwa "Marekani – 800,000". Hata jina langu hawajaandika Mama Mkubwa. Marekani.

Mimi naosha sahani daining ya chuo masaa kumi kwa wiki, dola 11 kwa saa. Visa ya mwanafunzi hairuhusu kuzidi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi iwe ya hapohapo chuoni, na mwaka wa kwanza kumi ndo nimepewa. Kila wiki mbili napata mia mbili na kidogo, humo humo vitabu, bando, na koti la baridi ambalo sijanunua bado. Sikatai kwamba walinichangia. Ada ya visa dola 185, ile nyingine ya kusajiliwa 350, nauli, zote zilitoka kwao, shangazi aliuza mbuzi wawili. Najua. Nikakaa kimya wiki nzima nikitafuta maneno.

Ukimya ukawa kosa. Huko ikiwa saa nne asubuhi huku ni saa tisa usiku, nikaamshwa na simu inatetemeka, baba mdogo kaandika "tulipochanga sisi mbona hukunyamaza", mjomba katuma voisi noti ya dakika nne, sisi ndio tuliokulea, sisi ndio tuliokusomesha, sisi, sisi. Na jioni yake nilikuwa nimetoka kumsoma Thoreau. Damu ikachemka nikaandika "Mimi ni mtu sio mradi wenu", nikalefti grupu.

Leo wiki ya tatu mama hapokei simu. Mdogo wangu anasema mama aliaibika kwenye kikao, aliinamisha kichwa mpaka mwisho, na mjomba kasema huyo keshaanza kujiona. Wenzangu huku nilipowasimulia wakanipongeza, wakasema safi sana umejisimamia, na hapo ndo nikajisikia vibaya zaidi, sijui kwa nini. Halafu profesa kasema esei ya mwisho, kurasa nane, tunaweza kuifumua ile ya kwanza tuiandike upya.

Naomba unisaidie. Mimi ni mbinafsi? Nirudi grupu? Na hiyo esei niandike nini, maana darasani naambiwa sionekani, nyumbani naambiwa najiona. Sasa nipo au sipo?

Wako, wa Ohio

*

Marahaba mwanangu, na pole na baridi.

Upo. Upo sana. Barua yako ina "mimi" nyingi kuliko unavyofikiri na kila moja imekaa mahali pake, ningekuwa mimi huyo profesa ningekupa A kwa barua hii nikaitupa ile esei. Lakini nitakusema pia, jiandae.

Mimi mwenyewe nilisoma chuo cha namna hiyo miaka ya tisini, jimbo lingine, semina kama hiyo, meza hiyohiyo na ukimya huohuo unaokera. Tofauti ni kwamba barua kutoka Tanga ilikuwa inachukua wiki tatu kunifikia, kwahiyo mjomba akikasirika, ile hasira inafika ishapoa kama chai ya jana. Nyie hasira zinawafikia moto saa tisa usiku mkiwa kitandani. Nawahurumia kwa kweli.

Tuanze na Crito maana umeitaja halafu ukaipita haraka. Nenda kaisome tena sehemu ya mwisho. Socrates ana miaka 70, kahukumiwa kufa, rafiki yake tajiri kaja alfajiri, mlinzi keshawekwa sawa, mlango uko wazi. Yeye badala ya kuondoka anaanza kuwaza sheria za mji wa Athens zingekuja zimesimama mbele yake zingesema nini. Na zinasema nini? Zinasema sisi ndio tuliofanya baba yako amuoe mama yako ukazaliwa, sisi tuliamuru usomeshwe, leo unatukimbia? Mwanangu, hiyo si voisi noti ya mjomba wako? Miaka 2,400 iliyopita, Ugiriki, na maneno yaleyale. Ungeipiga darasani ile voisi noti ukawatafsiria, mjadala wa siku hiyo ungekuwa wako.

Ila sheria za Athens zinasema na kitu ambacho mjomba hakusema na wewe hukukitumia. Zinasema una njia mbili: tushawishi kwamba tumekosea, au utii. Kushawishi kumo! Jamii inayomdai mtu inabidi ikubali kumsikiliza, na mtu anayekataa inabidi asimame aseme kwa nini anakataa. Wewe ulikaa kimya wiki nzima, halafu ukatoa sentensi moja usiku wa manane ukafunga mlango. Hukutii na hukushawishi. Kosa lako liko hapo tu, kukataa laki nane wala si kosa, laki nane huna.

Na huyo Thoreau aliyekuchemsha damu, naye umemsoma nusu. Ni kweli aligoma kulipa kodi, alikuwa anapinga utumwa na vita dhidi ya Mexico, akalala jela ya Concord, mji wake, usiku mmoja, Julai 1846. Usiku mmoja. Kuna mtu wa mjini alimlipia, wengi wanaamini ni shangazi yake (kila ukoo una shangazi wa mbuzi wawili), asubuhi akatoka akapitia kiatu chake kwa fundi akaenda na wenzake kuchuma matunda pori. Hata ile nyumba aliyokaa peke yake kando ya ziwa ilikuwa kwenye ardhi ya rafiki yake, mwandishi Emerson, si mbali na mji, na mwenyewe anakiri kila siku moja mbili alikuwa anatembea kwenda mjini kusikia umbea. Simcheki, namheshimu. Nataka tu uone kwamba mwaka 1848 alisimama mbele ya watu wa mji wake huohuo akawaeleza kwa nini aligoma, na maelezo hayo ndo mnayasoma leo. Hakulefti Concord.

Sasa hao wenzako waliokupongeza. Usiwachukie, walikuwa wanakutakia mema, ila wewe ulijisikia vibaya kwa sababu ulijua wamepongeza kitu ambacho hukukifanya. Halafu waangalie vizuri. Siku ya kuhamia bweni si uliwaona wazazi wao wanashusha magodoro na friji ndogo kwenye magari? Wengine wazazi wamesaini mikopo itakayolipwa miaka kumi na zaidi. Hiyo ni michango, basi tu haiitwi hivyo na haisomwi kwa sauti kikaoni. Kuna Mfaransa mmoja, Tocqueville, alizunguka Marekani mwaka 1831 akashangaa jinsi watu wale walivyokuwa wanaunda chama kwa kila jambo, wakitaka kujenga hospitali chama, wakitaka shule chama, wakitaka kanisa chama. Kamati za harusi si zetu peke yetu bwana. Na huyohuyo akaandika kwa wasiwasi juu ya mtu kujifungia na familia yake na marafiki zake wachache akaiacha jamii ijiendeshe yenyewe. Kwahiyo mtu asikwambie huko ni nchi ya "mimi" na kwetu ni nchi ya "sisi" halafu akakuweka uchague.

Nije kwenye jambo lililoniuma, ile orodha. Wewe umeumia kwa laki nane, mimi nimeumia kwa neno "Marekani". Maana michango yetu tangu zamani inaenda kwa daftari, na kwenye daftari hakuna "sisi". Kuna Mama Fulani elfu thelathini, Baba Fulani laki moja, kila mtu na mstari wake, na mtu akichangia kidogo kuliko uwezo wake inajulikana na akichangia kuliko uwezo wake inajulikana pia na anaheshimiwa kwa hilo. Mama yako naamini ana daftari la safari yako, limefungwa kwenye kitenge sehemu, na humo kuna majina ya watu na yeye anajua nani ana harusi lini na nani ana msiba. Aliinamisha kichwa kwa sababu kila aliyekuwa kwenye kile kikao yumo kwenye lile daftari. Hiyo ndo aibu yake, wala si pesa zako.

Na hapo ndo mjomba alipokosea, na nitamsema ingawa ni kaka wa mama yako. Alipofika kwako akaacha kuandika jina akaandika nchi. Nchi haina bili ya bando wala haihitaji koti. Nchi unaiandikia laki nane bila hata kuipigia simu kuuliza kazi inakwendaje. Kwahiyo profesa anasema hakuoni kwenye esei, na kamati haikuoni kwenye orodha, wote wawili wanaangalia palepale na wanaona ukungu. Tofauti ni kwamba profesa aliuliza uko wapi.

Umeandika "mimi ni mtu". Hili neno ndo esei yako ya kurasa nane, sikutanii. Huko ulipo, mtu ni yeyote aliyezaliwa, ana haki zake, mwisho wa mazungumzo. Kwetu tunasemaje? "Soma mwanangu uwe mtu." "Siku hizi fulani amekuwa mtu." Na mtu mzima na familia yake akifanya unyama tunasema "yule si mtu". Yani kwetu utu unaufikia, na wengine wanaukosa. Kuna mwanafalsafa wa Nigeria, Ifeanyi Menkiti, alifundisha miaka mingi Wellesley, chuo cha wanawake cha namna hiyohiyo ya kwenu karibu na Boston, mwaka 1984 aliandika jambo hilohilo, kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi kakamilika, anakuwa mtu kadiri anavyokua ndani ya jamii, na anaweza kushindwa. Baadaye Kwame Gyekye wa Ghana akamjibu kwamba umezidisha, mtu ana akili na uwezo wa kuipima jamii yake tangu mwanzo, jamii haimmalizi. Watafute wote wawili maktaba, uwagombanishe. Halafu weka katikati ule ujumbe wako wa saa tisa usiku. Wewe ulipoandika "mimi ni mtu" ulimaanisha nina haki ya kusikilizwa. Mjomba aliposoma alisikia mtoto anajitangaza kuwa kashakuwa mtu, kajivika cheo ambacho huwa unavikwa na wengine. Neno moja, herufi tatu, mmegombana wiki tatu.

Na Mbiti uliyemfurahia, mtu wa Kitui yule, ile sentensi yake ya 1969 inayonukuliwa kila mahali, mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo basi mimi nipo. Watu wanaibeba kama ushahidi kwamba Mwafrika hana "mimi". Ihesabu. Inaanza na mimi inaishia na mimi, "sisi" iko katikati imeshikwa pande zote mbili. Kwenye esei yako ulibaki katikati tu, mwanzo na mwisho ukaukata. Hapo profesa alikuwa sahihi na hiyo B mainasi uimeze.

Kwahiyo ubinafsi? Hapana. Mbinafsi hakai macho wiki tatu. Uligombana vibaya, basi.

Sasa ufanye nini. Grupu usirudi kwanza, ukirudi mwenyewe utaonekana umeshindwa na ukiingizwa na mtu mwingine utaonekana umeombewa, bora njia ya pili lakini kwa mpangilio. Tuma mtu. Kwetu ugomvi na mkubwa haumalizwi kwa meseji, unatuma mtu, na wa kutumwa unaye, shangazi wa mbuzi. Mpigie huyo wa kwanza. Chagua muda, huko Ohio ikiwa saa sita mchana Muheza ni saa moja jioni, keshakoga keshakaa (Novemba mkirudisha saa nyuma itakuwa saa mbili, usisahau). Mwambie kila kitu ulichoniambia mimi, na umwombe samahani kwa sentensi ile, kwa sentensi tu, usiombe samahani kwa kutokuwa na pesa.

Halafu mweleze kwa masaa. Dola hazieleweki, ukitaja dola watu wanazidisha kichwani na kuona gari. Mwambie shangazi laki nane ni karibu wiki tatu za kuosha sahani za watu na mwisho wake sijabaki hata na sabuni. Sahani anazielewa. Atazipeleka kikaoni zilivyo, na kikao kikisikia sahani kitacheka kwanza, kikishacheka mmemaliza nusu.

Mama atapiga mwenyewe, usimfukuzie. Akipiga usianze na michango, muulize magoti, muulize machungwa yamefika bei gani, muache akusute kidogo, ana haki hiyo. Na kuhusu sanaa mwambie jibu la kumpa mjomba: huku mwaka wa kwanza tunafundishwa kusoma, kuandika na kubishana kwa hoja. Akisema hizo ni ngonjera, mwambie mama acheke tu, maana kwa hilo mjomba hajakosea sana.

Koti nunua wiki hii. Kuna maduka ya mitumba kila mji huko, wenzako wenyewe wananunua.

Shangazi akishamaliza kazi yake ndo umwandikie mjomba, faragha, sio kwenye grupu. Fupi. Unaweza kuandika hivi: "Shikamoo mjomba. Naomba radhi kwa maneno yangu ya usiku ule. Naomba kwenye orodha mfute Marekani, muandike jina langu, na mbele yake muandike laki moja. Nitaituma tarehe za mwanzo wa Desemba nikilipwa."